Muulize Mama Ploti: Maswali ya Kabla ya Kutoa Ufunguo

Mama Ploti alikuwa karani wa fedha katika shule moja ya Nakuru. Sasa amestaafu na ana ploti mbili za vyumba vya kupangisha, moja Langa Langa na nyingine Free Area. Hana ajenti. Mwezi huu barua nyingi zilihusu jambo moja: kumpokea mpangaji usiyemjua.

*

Mama Ploti, salamu kutoka Kiamunyi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa malipo yangu ya uzeeni na mkopo wa sako, chama chetu cha kuweka na kukopa, nimejenga bedsita nane, yaani vyumba vya mtu kulala na kupika humo humo, kila moja kodi 6,500. Ajenti alitaka asilimia kumi ya kodi kila mwezi, nikakataa kwa kuwa naishi papo hapo, lango ni moja. Nilibandika tangazo Jumatatu. Kufikia Ijumaa simu hainipi nafasi hata ya kunywa chai. Kila anayekuja ni mpole, na kila mmoja ameapa kwamba hajawahi kuchelewesha kodi. Mke wangu anasema tuwape wanaotangulia. Mimi nasita. Nitawapimaje watu ambao sijawahi kuwaona?
— Mwalimu Mstaafu, Kiamunyi

Mwalimu, hongera kwa kazi. Mama watoto ana hoja: chumba kitupu hakilipi mkopo wa sako. Ila chumba kitupu unaweza kukipangisha kesho asubuhi. Chenye mtu asiyelipa, huwezi.

Nitangulize sheria kidogo, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini maswali yaulizwe sasa. Ukishampa mtu ufunguo na kupokea kodi ya mwezi, hata kama hamkuandikiana chochote, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamhesabu kuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Ukitaka atoke, notisi haiwezi kupungua mwezi mmoja. Akiikaidi, njia yako ni mahakama, na mahakama haina haraka uliyo nayo wewe na sako yako. Kwa hiyo ukali wako wote umalize mtu akiwa bado nje ya lango. Akishaingia, kuwa mpole.

Chukua daftari. Kabla hujapokea simu nyingine, andika masharti yako: bedsita moja watu wangapi, kodi ni tarehe ngapi, dipoziti kiasi gani, na nani atalipia maji na taka. Kisha wasomee wote yale yale. Na hapa nakubaliana na mkeo nusu: usimtafute aliye bora kuliko wote. Wapange kwa zamu ya kupiga simu, na wa kwanza anayetimiza masharti apewe. Ukianza kuwalinganisha wanane mezani utaishia kumchagua mwenye maneno matamu, kumbe maneno matamu ndiyo yaliyokuchanganya.

Kwenye simu uliza mambo machache tu. Unahama kutoka wapi? Mtakaa wangapi? Kazi yako ni gani? Unataka kuingia lini? Hili la mwisho lisikilize vizuri. Hapa Nakuru watu huhama mwezi unapokwisha, kuanzia tarehe 28 hadi 5 hivi. Anayetaka kuhama tarehe 14, jioni hii hii, godoro likiwa tayari kwenye mkokoteni, ana hadithi. Huenda ni ya kweli: amehamishwa kazi, amekosana na mumewe, nyumba imeungua. Msikilize. Lakini pia huenda alikotoka kumefungwa kufuli kwa deni, na wewe ndiwe lango lililo wazi.

Sasa tufike penye kazi yenyewe: nyumba alikotoka. Watu hupoteza muda kwenye kazi na mshahara, wakati historia ya kodi iko kwa mwenye nyumba wa zamani. Mwombe nambari yake. Ya anakokaa sasa, na ya alikokaa kabla ya hapo. Ya pili ndiyo yenye maana zaidi. Huyu wa sasa, kama mpangaji anamsumbua, atamsifu mpaka udhani anakukabidhi mchungaji wa kanisa, ili amwondoe salama. Yule wa zamani hana cha kupoteza.

Na nambari yenyewe ukipewa usiiamini moja kwa moja. Wapo wanaotoa nambari ya rafiki aliyefundishwa aseme yeye ndiye mwenye nyumba. Mimi nikipiga huwa nakosea makusudi. Kama mpangaji aliniambia alikaa chumba cha chini kwa 5,000, namwambia huyo wa simu, “Nasikia alikuwa kile chumba cha juu cha 4,200.” Mwenye ploti halisi atanikatiza hapo hapo: “Hapana mama, chini, na ni elfu tano.” Hakuna mwenye nyumba asiyekumbuka kodi yake. Rafiki atajibu, “Eeh, ndiyo.” Basi nashukuru, nakata simu, nampigia anayefuata kwenye daftari.

Akiwa ni yeye kweli, muulize kama kodi ilikuwa inafika tarehe iliyopangwa, kama mpangaji alitoa notisi au alitoweka, halafu umwulize, “Akirudi leo utampokea?” Kwa hilo la tatu usikimbilie maneno. Sikiliza anavyovuta pumzi.

Ikiwa ploti ya zamani iko karibu, tuseme Shabab au Kaptembwo, panda matatu uende. Keateka, yule mtunza ploti, akishaona umefika kwa miguu yako husema mengi ambayo kwenye simu hayasemi. Mama mboga wa pale nje pia anajua nani ana deni lake la sukuma wiki tangu Krismasi, lakini huyo mimi simwulizi. Deni la sukuma si deni la nyumba, na ukianza kukusanya umbea wa mtaa utajua mambo usiyoyahitaji.

Anayeanza maisha hana nyumba ya nyuma. Kijana aliyetoka kwao Molo au Njoro na kupata kazi yake ya kwanza mjini usimfukuze kwa hilo. Mwache aje na mtu mmoja mzima, mzazi au mjomba, aweke sahihi kwamba kijana akishindwa atalipa. Mpigie mzazi huyo mbele ya kijana.

Kuhusu pesa. Anayelipwa mshahara akuonyeshe hati ya mshahara, na jicho lako liende chini kabisa kwenye kinachobaki. Wewe ni mwalimu, unalijua hili kuliko mimi: Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato yasizidi thuluthi mbili za mshahara, na kuna watu wengi mno wanaoishi kwenye ile thuluthi iliyobaki. Mtu wa 45,000 juu anaweza kuwa na 15,000 chini. Toa 6,500 hapo, kisha nauli, chakula na karo. Huyo si mtu mbaya. Ni kwamba hesabu yake haikai. Asiye na mshahara akuonyeshe kwenye simu yake mwenyewe jinsi alivyokuwa akituma kodi. Kwa kuwa meseji hughushiwa, bora aombe taarifa ya M-Pesa, ambayo hutumwa kwake yeye kwa barua pepe, mkae naye muitafute ile mistari ya kodi tu. Mengine yote ni siri yake. Usiichukue nakala.

Kitambulisho kishike mkononi, tazama uso, kisha iingize nambari yake ya simu kama unayetaka kumtumia pesa. Jina hujitokeza kabla hujathibitisha. Likitofautiana na la kitambulisho, uliza. Mara nyingi laini ni ya mke au ya ndugu, na jibu huja bila kigugumizi. Mara nyingine haliji.

Halafu kuna yule anayekuja na kodi ya miezi sita mkononi na hataki kuulizwa hata jina la kwao. Pesa hizo zinavutia, hasa ukiwa na mkopo. Mimi humwuliza maswali yale yale kama wengine, na wengi wa aina hiyo huondoka. Chumba kikigeuzwa duka la bangi nawe unajua na umenyamaza, sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inakufuata hata wewe mwenye nyumba.

Siku ya kuingia: kodi na dipoziti zote kwanza, ufunguo baadaye. Fungua uone salio lako mwenyewe, usisome meseji tu. “Nusu leo, nusu mwisho wa mwezi” ni jambo ambalo silikubali kwa mtu yeyote, hata awe mtoto wa dada yangu, kwa sababu anayeanza na deni hulibeba hadi siku ya kutoka. Pigeni picha za sinki, taa, kioo na kitasa mkiwa pamoja, kila mtu abaki na zake. Mpeleke ajulikane kwa mzee wa Nyumba Kumi, ule ulinzi wa majirani mtaani.

Na Mwalimu, nane mara 6,500 ni 52,000 kwa mwezi, 624,000 kwa mwaka. Umepita 288,000 kwa mwaka, kiwango ambacho ushuru huanzia, kwa hiyo KRA, mamlaka ya ushuru, inataka asilimia 7.5 ya kodi uliyopokea, bila kutoa gharama: 3,900 kwa mwezi vyumba vikijaa, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Daftari la wapangaji litakusaidia hapo pia.

*

Mama Ploti, hujambo? Nina singo sita hapa Manyatta, Kisumu, nilizoachiwa na marehemu mume wangu. Kodi ni 3,500. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinisaidia, ameniambia nisimpe chumba mtu wa boda boda, wala mwanamke mwenye watoto asiye na mume, wala “watu ambao si wetu.” Wiki jana alikuja mama anayeuza samaki Kibuye, ana watoto watatu, kwao ni Busia. Mume hayupo. Nilimwambia arudi Jumamosi ili nipate muda wa kufikiri. Nifanyeje?
— Mjane, Manyatta

Pole sana dada kwa msiba.

Shemeji yako amekupa masharti matatu na hakuna hata moja linalohusu kodi. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, haiizuii serikali peke yake kubagua. Inamzuia mtu yeyote, na imetaja kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, dini na mengine. Hilo la “si wetu” na la kutokuwa na mume yamo humo waziwazi.

Lakini tuache Katiba, tuzungumze kama watu wa ploti. Mimi nilikuwa hapa Nakuru Januari 2008. Niliona ploti zilivyohamwa kwa lugha, familia moja baada ya nyingine, vitanda juu ya mikokoteni, wengine wakielekea uwanja wa maonyesho kulala kwenye hema. Kisumu nanyi mna yenu ya miezi hiyo. Baadaye wenye nyumba kadhaa mtaani kwangu waliamua watachukua watu wa kwao tu. Wakajaza ploti na binamu na wanakijiji wenzao, na ikawa kumdai mtu kodi ni kuitisha kikao cha ukoo. Ploti yangu ya Free Area ina watu wa makabila matano au sita na kila mmoja nadaiana naye bila kuogopa shangazi wa mtu.

Boda boda je? Anapata pesa kila siku, si mwisho wa mwezi. Ukimngojea tarehe tano akuletee 3,500 kwa pamoja utamwona mbaya. Kubalianeni alipe kila wiki, mathalani 900 kila Jumapili jioni, na kinachozidi kiingie kwenye maji. Badala ya hati ya mshahara, nenda stejini kwake, muulize mwenyekiti wa steji kama anamjua na tangu lini. Uliza pia kama pikipiki ni yake au ya tajiri. Ya tajiri ikichukuliwa, kodi nayo imekwenda.

Sasa mama wa samaki. Mwulize yuko chama gani cha akiba na mwekahazina ni nani. Mwanamke anayetoa mchango wa chama wiki baada ya wiki bila kuruka ameshajibu swali lako, na daftari la chama linaaminika kuliko hati nyingi za mshahara nilizowahi kuonyeshwa. Mwulize alikokaa kabla, upige simu kama nilivyomweleza Mwalimu. Watoto wanasoma wapi? Kama ni shule ya hapo karibu, jua kwamba mama hahamishi watoto watatu katikati ya muhula kwa sababu ndogo. Wapangaji wangu waliokaa muda mrefu kuliko wote ni akina mama wa namna hiyo.

Unachoruhusiwa kukitazama ni ukubwa wa chumba. Singo ya futi kumi kwa kumi na watu wanne ni finyu, na choo mnachoshiriki kinazidiwa. Kama sharti lako ni watu wanne kwa chumba, liwe wanne kwa kila mtu, mke na mume na watoto wawili au mama na watatu. Usiliweke leo kwa ajili yake.

Shemeji mwambie kwa heshima kwamba umemsikia, na kwamba vyumba ukiviacha vitupu ukingoja watu anaowataka yeye, utamtumia yeye bili ya maji.

*

Mama Ploti, nina vyumba vya mabati Rhonda, kodi 2,300. Kimoja nilimpa mtoto wa binamu yangu bila kumwuliza lolote. Miezi minne sasa hajalipa na ananiamkia kila asubuhi kwa adabu. Nikiondoa mlango au nikikata maji, nitakuwa nimekosa?
— Mzee, Rhonda

Ndiyo, Mzee, utakuwa umekosa.

Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi 2,500 iko chini ya sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ile ya zamani ambayo wengi hudhani imekufa. Chini yake huwezi kumtoa mpangaji bila amri, na kumsumbua makusudi ili ahame ni kosa la jinai. Kuondoa mlango ni kusumbua. Kukata maji ni kusumbua. Na vitu vyake usivishike kufidia deni. Hiyo ni kazi ya mnadi mwenye leseni.

Andika deni lote kwenye karatasi, mwezi kwa mwezi. Mwite kijana pamoja na binamu yako, maana kwa jambo la ukoo hicho kikao ndicho mahakama ya kwanza, na mbele ya baba yake ile adabu ya asubuhi itapata kazi. Mpe nafasi ya kulipa kidogo kidogo akiwa ameweka sahihi. Akikataa, mpe notisi ya maandishi, ubaki na nakala, upeleke shauri lako kwenye baraza la kodi za nyumba. Na chumba kikiwa wazi tena, ndugu mwingine akija, maswali ni yale yale ya mgeni. Ndugu ana simu ya mwenye nyumba wa zamani kama mtu mwingine yeyote.

*

Shikamoo Mama Ploti. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Natafuta bedsita upande wa Lurambi. Kwenye ploti moja keateka alikipiga picha kitambulisho changu, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji wote “wakufahamu.” Kwingine mtu aliyeweka tangazo anataka nimtumie 500 kabla ya kunionyesha nyumba. Haya ni ya kawaida?
— Mwanafunzi, Kakamega

Marahaba mwanangu. Yanatokea sana, ila si sawa.

Mwenye nyumba ana haki ya kukijua kitambulisho chako na nambari ya mzazi, hasa kwa mwanafunzi, kwa kuwa pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, zikichelewa ni mzazi anayepigiwa simu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka achukue kile anachokihitaji, kwa kazi aliyokuambia, basi. Majirani hawahitaji nambari yako ya kitambulisho. Mwandikie mwenye nyumba mwenyewe, si keateka, aifute picha ile kwenye grupu, na uhifadhi meseji yako. Akikupuuza, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko. Siku nyingine ukitoa nakala, andika juu yake kwa kalamu tarehe na “ya kupanga nyumba Lurambi,” ili isitumike kwingine.

Ile 500 usitume. Mwenye chumba anataka ukione. Mwambie utafika kesho saa nane mchana, na kama kuna ada yoyote utaitoa ukiwa umesimama ndani. Akisema hapana, tembea mwenyewe ploti kwa ploti siku ya mchana, usome karatasi za langoni, na kabla ya kutuma dipoziti muulize mpangaji yeyote anayefua uani humtumia nani kodi yake. Jina hilo lilingane na la nambari uliyopewa.